Mnanicheka, Lakini Mimi Nimekaa

Masasi, 6 Juni 1954

Dada yangu Mama Sijaona,

Shikamoo. Ukiifungua barua hii ujue aliyeiandika ni mzima, anakula vizuri, na tumbo lake linashuhudia. Mama naye hajambo. Kifua kinambana asubuhi, lakini kikimwachia tu huanza kunigombeza, na kwa kuwa hunigombeza kutwa nzima naona hakimsumbui sana. Paa la jikoni lilikuwa linavuja. Nimeliezeka mwenyewe, sasa linavuja mahali pengine. Sijaona mwambie mjomba wake anamsalimu na bado anakumbuka deni la jogoo aliyeahidiwa.

Najua uko ndani ya eda na watu wanapishana barazani kukupa pole, wanakuchosha. Nami naongeza mzigo kwa barua. Habari ya kutofika kwangu kwenye mazishi ya Shemeji Shamte nilikwisha kukueleza mwezi wa Machi: gari lilikwama matopeni upande wa Nachingwea, mimi na Dunstan dereva tukakaa humo siku tatu tukitafuna mihogo mibichi. Hapo sina la kuongeza.

La kuongeza ninalo kwenye kazi. Vijana wenzangu wamekuwa walimu, makarani, wengine wana mizani ya korosho. Mimi serikali imeniajiri niwasemee vivuli. Gari letu la sinema lina mashine, kitambaa cheupe, na spika juu ya paa. Tukifika kijijini tunaanza na picha za kufundisha uchimbaji wa choo na upandaji wa mikorosho kwa mistari. Watu huvumilia. Kisha, ili wasitukimbie mwakani, tunawapa picha moja ya kuchekesha. Hiyo ni ya zamani na haina sauti kabisa, midomo inacheza tu. Basi mimi najifungia ndani ya gari, kwenye kidirisha kidogo, na kipaza sauti mkononi, nawaeleza watu wanachokiona kwa macho yao wenyewe. Kazi ndiyo hiyo, usinicheke.

Picha ya safari hii ni ya Mzungu mmoja mrefu, mikono ya koti imeishia kwenye viwiko, na mgongoni amebeba kiti cha mbao. Anazunguka mji mzima akitafuta mahali pa kukaa. Akikiweka hapa, askari anamfukuza. Akikiweka pale, gari linapita kwenye dimbwi na kumwogesha. Sisi tunamwita Bwana Kiti. Mwishoni anafika stesheni ya treni, anamkuta bibi kizee amesimama amechoka, anampa kiti. Treni inafika, watu wanambeba yule bibi pamoja na kiti chake, wanamtia ndani, treni inaondoka. Bwana Kiti anapunga mkono, halafu kwa mazoea anajishusha ili akae, na kiti hakipo. Anaanguka. Anabaki pale chini anatutazama, na picha inaisha.

Wiki iliyopita tulikuwa Lupaso. Nilikuwa na karatasi ya maneno niliyopewa na Bwana Mkubwa wetu: "Mtu huyu anatembea. Sasa mtu huyu ameona askari. Mtu huyu ana huzuni." Nikaisoma kama ilivyo. Dada, hata mbwa waliondoka. Mzee mmoja aliuliza kama msemaji ni mgonjwa. Basi nikaiweka karatasi chini, nikafungua mdomo, na sauti ikatoka ambayo si yangu. Ilikuwa nzito na ya polepole, ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote. Watu wa Lupaso walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo kila kijiji kinaidai sauti hiyo. Nimekuwa mtu mashuhuri, na hakuna anayeijua sura yangu, jambo ambalo Mama anasema ni bahati.

Nisalimie majirani wote.

Mdogo wako,
Fikirini

*

Chilangala, Newala, 29 Juni 1954

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba. Barua yako imenifikia, nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma kwa ajili ya habari za Mama. Ya pili nilikuwa natafuta lile ambalo hukulisema, maana nakujua tangu tuko chuoni kwa Baba, ukisoma kwa sauti kubwa kuliko wote ile aya usiyoijua.

Mama mwambie achemshe majani ya mpera, anywe yakiwa moto. Sisi huku hatujambo. Sijaona ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka akiziba mdomo. Maji bado yanafuatwa bondeni, na kwa kuwa mimi sitoki, yeye ndiye anayeteremka na watoto wa jirani. Mikorosho imeanza kutoa maua. Shamte alitaka kuikata ile miwili iliyozeeka nyuma ya nyumba, nayo ndiyo imechanua kuliko yote.

Juzi alipita mwuza chumvi kutoka upande wa Lupaso. Alikuja kutoa pole, akakaa barazani na wanaume, mimi nikawa ndani nyuma ya mlango. Pole ikaisha, mazungumzo yakageukia gari la sinema. Akawaeleza habari ya Mzungu na kiti chake, halafu akamwigiza msemaji. Alisema hivi, polepole, kwa sauti nzito: "Mnanicheka, lakini mimi nimekaa."

Nilikuwa napeta mchele. Ungo uliniponyoka, mchele ukatawanyika chumba kizima. Barazani nako wote walinyamaza, isipokuwa yeye mgeni, aliyedhani hawajaelewa, akarudia.

Nina swali moja tu. Sauti hiyo umeitoa wapi? Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako,
Sikuzani

*

Masasi, 2 Agosti 1954

Dada Mama Sijaona,

Shikamoo. Nimechelewa. Kwanza nilikuwa safarini, halafu wino uliisha, halafu wino ulipopatikana nikaisha mimi. Mama amekunywa majani ya mpera na kifua kimetulia, ila sasa anasema ni wewe uliyemtibu na mimi ninayekaa naye sijawahi kumsaidia kwa lolote. Huenda ni kweli. Lile paa nimemlipa mtu mwingine aliezeke.

Umeniambia nisijibu kwa mzaha. Ni kama kumwambia bata abadilishe mwendo, lakini nitajaribu.

Sauti ni ya Shemeji. Basi, nimeandika.

Sikuipanga. Wewe mwenyewe unakumbuka siku alipokuja nyumbani kuposa. Wajomba wote wamekaa mkekani, wazito, wamevaa kanzu. Akaingia yeye na lile goti lisilokunjika, kigoda chake cha miguu mitatu kwapani, kama mtu anayehamia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na adabu ya mtoto wa miaka mitatu. Nilicheka wa kwanza, wengine wakanifuata, hata Mjomba mkubwa alijificha kwenye kikohozi. Yeye akakiweka kigoda chini, akakaa, akaunyosha ule mguu katikati ya baraza, akanitazama mimi na si mwingine. "Mnanicheka, lakini mimi nimekaa." Nikampenda papo hapo, dada. Nadhani nilimpenda kabla yako, maana wewe bado ulikuwa umejificha jikoni.

Tangu siku ile sijamwona akienda harusini, barazani wala msibani bila kigoda chake. Sasa fikiria: nimekaa garini, naona Mzungu anatokea na kiti mgongoni, anatafuta mahali pa kukaa. Mdomo wangu haukuniuliza. Ulishika njia yake.

Sikumdhihaki. Au labda nilimdhihaki, sijui mpaka uko wapi. Ninachojua ni kwamba kila nikiwasha kipaza sauti namsikia yuko hai kwa muda wa picha moja, na picha ikiisha nasaidia kukunja kitambaa, nalala. Mtu mzima anayetegemea mashine ya serikali ili azungumze na shemeji yake, huyo ndiye mdogo wako.

Kuna jambo la pili, nalo silipendi. Ratiba imetoka. Tunapanda Newala mwezi wa Septemba, na Ijumaa tarehe 24 tutakuwa hapo Chilangala, picha ileile. Niambie unatakaje.

Fikirini

*

Chilangala, 22 Agosti 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimetoka eda. Siku ya kwanza niliteremka mwenyewe bondeni kufuata maji, na wakati wa kupanda magoti yaliniambia umri wangu wa kweli. Sijaona hajambo. Mama nimemwekea ufuta, nitautuma akipatikana mtu.

Nimefurahi kwamba umesema. Sasa na mimi nina langu ambalo sikukuambia, na Mama usimsomee.

Shamte alikufa alfajiri. Asubuhi wakaja watani wake, wale wa ng'ambo ya bonde, wanaongozwa na Bibiana. Unamkumbuka Bibiana, yule mama mnene aliyekunyang'anya kofia kwenye harusi yangu akakufanya uicheze ngoma nzima kichwa wazi ndipo akurudishie. Walikuja na fujo zao kama inavyopasa. Mmoja alilala mahali pa kuchimba kaburi, akasema haondoki mpaka apewe ugoro wa marehemu. Mwingine alimtukana maiti kwa uvivu wa kuamka. Wanawake wakaanza kutabasamu katikati ya kilio. Ndivyo inavyotakiwa, mimi mwenyewe nimecheka kwenye misiba ya wenzangu, na nimeona kifua cha mfiwa kikifunguka hapo hapo.

Halafu Bibiana akakichukua kigoda mlangoni. Akakitia kwapani, akaukaza mguu, akatembea katikati yetu. Fikirini, alikuwa yeye. Bega lake, ule mzunguko wa mguu, kila kitu. Akakiweka kigoda, akakaa, akafungua mdomo. Nilijua atasema nini. Nikainuka, nikakivuta kigoda chini yake, akaanguka, nikamwambia mbele ya watu wote atoke nyumbani kwangu.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyewahi kusikia mtani akifukuzwa msibani. Bibiana alijipangusa vumbi, akawaita watu wake, wakaondoka. Tukamzika Shamte kwa heshima, kimya, kama anazikwa mgeni. Hata arobaini hawakuja.

Tangu hapo tukikutana kwenye njia ya maji Bibiana ananiamkia. "Hujambo, Mama Sijaona. Watoto hawajambo?" Mtani akianza kukuamkia kwa adabu, mdogo wangu, ujue umekufa kabla ya siku zako. Na kilio chenyewe kilinikauka siku ileile. Watu wanasema nina moyo mgumu. Acha waseme.

Sasa habari za sauti yako zimefika kwao. Wanasema: sisi katufukuza, ndugu yake anafanya yaleyale kwa spika ya serikali. Kwa hiyo nakuomba. Picha hiyo usiilete Chilangala. Ukilazimika kuileta, isome karatasi yako. Sauti hiyo usiitoe hapa. Kigoda nimekificha chini ya kitanda, na mimi kwenye sinema sitakuja.

Sikuzani

*

Masasi, 12 Septemba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Nimemwomba Bwana Mkubwa tubadilishe picha. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama ninaumwa, akasema picha ziko kwenye orodha na orodha imekwisha kwenda. Kwa hiyo Bwana Kiti anakuja Chilangala.

Lakini nitaisoma karatasi. Naapa. Nimeanza mazoezi. Jana usiku nilimkalisha Mama, nikamsomea yote, "mtu huyu anatembea" mpaka "mtu huyu ana huzuni." Nilipofika kwenye askari alikuwa amelala. Dunstan anasema nikisoma hivyo nafanana na karani anayehesabu magunia, na kwamba yeye aliyesoma shule ya misheni ya Chidya amesikia mahubiri ya saa mbili yenye uchangamfu zaidi. Nimemwambia vizuri sana, ndivyo ninavyotaka.

Habari ya Bibiana nimeisoma na Mama sikumsomea. Kama ningekuwapo, labda ningekushika mkono kabla hujakivuta kile kigoda. Labda ningekusaidia kukivuta. Sikuwapo, kwa hiyo hata ushauri wangu umekwama matopeni.

Mama anakusalimu. Ufuta umefika, umekwisha.

Fikirini

*

Masasi, 3 Oktoba 1954

Dada Mama Sijaona,

Shikamoo. Tumerudi salama. Mama hajambo. Ameniuliza mara tatu ulikuwaje, umekonda au umenenepa, na mara zote tatu nimejibu kwa kukohoa, mpaka akaniambia nichemshe majani ya mpera.

Nakuomba radhi kwa kuondoka Chilangala bila kuja kukuamkia. Nataka ujue ilivyokuwa, usije ukasikia kwa watu.

Karatasi niliisoma kama nilivyoahidi. Picha ya choo ilipita, ya mikorosho ikapita, akaja Bwana Kiti. Nikaanza: "Mtu huyu anatembea." Watu wakapiga kelele wakitaka sauti, maana habari zilikuwa zimetangulia. Nikakaza. "Sasa mtu huyu ameona askari." Wakapiga miluzi. Nikakaza vilevile, jasho linanitoka, nikijiona nimekuwa mtu wa msimamo kwa mara ya kwanza maishani.

Halafu nikachungulia kidirishani. Nilitaka kuona kama wameanza kuondoka. Nikakuona wewe. Ulisema hutakuja, dada. Ulikuwa mbele kabisa, mwanga wa kitambaa unakupiga usoni, na hukuwa umekaa mkekani kama wenzako. Ulikuwa umekaa juu ya kigoda.

Hapo picha ilikuwa imefika stesheni. Ndipo kipaza sauti kilipoharibika. Nadhani ni waya, ulilegea kwenye yale makorongo ya kupandia Newala. Nikainama chini ya meza kuutengeneza na sikuinuka mpaka picha ikaisha. Kwa hiyo mwisho wote watu waliuona bila maneno, na hilo ni kosa la mitambo. Nimekwisha mweleza Bwana Mkubwa.

Ajabu ni kwamba nilisikia watu wanacheka huko nje. Tena si kucheka kidogo. Nilishangaa, maana pale anapoanguka na kututazama, vijijini kote watu hunyamaza. Nikajua wananicheka mimi, msemaji aliyeishiwa. Ndiyo maana nilijifungia garini, nikamwachia Dunstan kazi yote ya kukunja, na alfajiri tukaondoka. Nilipita mbele ya nyumba yako nikiwa nimelala sakafuni mwa gari ili usinione. Kwa cheo changu cha mtu mashuhuri, hayo ndiyo mapokezi niliyojiandalia.

Nisamehe. Gari la serikali halitengenezwi ipasavyo.

Fikirini

*

Chilangala, 20 Oktoba 1954

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba, marahaba sana. Mwambie Mama sikukonda wala sikunenepa, na kwamba kuanzia sasa amnyweshe huo mpera mwanawe wa kiume. Korosho zimeanza kudondoka, tunaokota kutoka asubuhi. Ile mikorosho miwili mizee inatuchosha kuliko mingine yote, sijui Shamte angesema nini.

Ngoja nikuambie kilichotokea nje ya gari lako, kwa kuwa wewe ulikuwa chini ya meza.

Nilikuja kwa sababu nilikuwa na hamu na sauti hiyo. Nilikukataza kwa maneno, halafu saa ilipofika nikakitoa kigoda chini ya kitanda, nikamwambia Sijaona twende, nikakaa mbele nikiomba uivunje ahadi yako. Hukuivunja. Uliposoma "mtu huyu anatembea" nilitaka kukutupia jiwe. Maisha yako yote hujatimiza ahadi hata moja, ukachagua ile.

Basi tukafika pale stesheni. Ulinyamaza. Watu wakadhani mashine imekufa. Halafu kwenye spika, juu ya paa la gari, ikatoka kwikwi. Ikafuata nyingine. Halafu ukapenga kamasi, Fikirini, na kijiji kizima kikasikia. Halafu ukalia kwa sauti, kama ndama aliyeachwa zizini. Waya haukukatika, mdogo wangu. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na nadhani ulikuwa umekikumbatia. Ng'ambo ya bonde mbwa waliitikia.

Hakuna aliyejua afanye nini. Mwanamume analia kwa spika ya serikali, nani amewahi kuona? Ndipo nyuma yetu nikasikia mtu anakuigiza. Kwikwi kwa kwikwi, kamasi kwa kamasi. Nikageuka, nikamwona Bibiana anakuja mbele, analia kama wewe, khanga mdomoni. Akafika mpaka niliposimama, maana nilikuwa nimesimama bila kujua. Akanyosha mkono.

"Nipe," akasema.

Nikampa kigoda.

Akakitia kwapani. Akaukaza mguu. Akatembea mbele ya ule mwanga, na kivuli chake kikatembea kwenye kitambaa, pembeni ya Mzungu wenu. Mzungu akajishusha akae, kiti hakipo, akaanguka. Kivuli cha Shamte kikaweka kigoda pale pembeni yake, kikakaa, kikaunyosha mguu. Bibiana akangoja mpaka watu wote walipotulia.

"Mnanicheka," akasema, "lakini mimi nimekaa."

Na wewe, juu ya paa, ukamjibu kwa kwikwi moja kubwa kuliko zote.

Watu walianguka chini. Wazee waliacha bakora zao wakashikana. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, nikamshika Bibiana shingoni, na pale pale kicheko kikageuka, nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nililia vizuri, Fikirini. Kile kilichokuwa kimenikaba tangu siku ya mazishi kiliondoka. Bibiana alinishikilia, na huku anakuigiza wewe sikioni mwangu, nacheka tena.

Kesho yake walikuja nyumbani wote, bila hodi. Walinitukania ugali, wakamkamata jogoo wako uliyekuwa unamdai, wakamla. Bondeni Bibiana haniamkii tena. Juzi aliumwagia maji mkeka wangu akasema nimechelewa kuzeeka. Nimerudi duniani.

Lingine ni hili. Usiku ule Dunstan alikuja kuniomba maji ya kunywa, nikampa na chakula, tukazungumza. Ni kijana mwema, hajui kusema uongo, labda ni huko Chidya. Nilimpa pole kwa siku zile tatu za matope na mihogo mibichi. Hakujua nazungumzia nini. Kwa hiyo najua kwamba mwezi wa Machi barabara ilikuwa inapitika, na kwamba habari ya msiba ilikufikia Nachingwea siku ileile, na kwamba ulipanda garini, ukaufunga mlango, ukakaa humo siku tatu bila kutoka.

Sikukasirika. Mwenzio nilimtoa mtani kwenye kigoda nikamwangusha, mbele ya maiti. Mama alituzaa wawili na akili moja, na bado tunagawana. Ila magari ya serikali uyaonee huruma sasa. Hayajakwama wala hayajaharibika, yamekubeba tu.

Njoo kabla mvua hazijaanza. Panda basi, na ukifika usitoe sababu. Kilio chako Bibiana amekishika chote, anakifanya kila siku kwenye njia ya maji, na watoto wameshajifunza. Jogoo hayupo, lakini kigoda hakiko tena chini ya kitanda. Kipo pale mlangoni alipokiacha Shamte mwenyewe.

Njoo ukae, tukucheke.

Dada yako,
Sikuzani